Muzee wa Nguzo na Nyuzi

Kabla ya kuvuta uzi, Muzee alikuwa anashika pumzi. Si uzi wa kushonea. Alikuwa mupaka vibao, na herufi zake zilikuwa na nguzo na nyuzi: mahali pamoja zinanenepa kama kidole gumba, pembeni yake zinakonda hadi unadhani ni unywele umeangukia rangi. Nguzo alizipaka huku anaongea, anacheka, anabishana na redio. Lakini zamu ya uzi ikifika, aliweka kikombe chini, akachukua ile burashi yake ya nywele chache, akavuta hewa, na sisi wote wa mustari ule wa maduka ya Katoyi, kartie yetu ya Goma, tulijua kwamba sasa hakuna mutu wa kuongea. Mimi nilikuwa nauza makala, makaa ya kupikia, hatua tatu kutoka kwa mulango wake. Mununuzi akinikuta wakati ule, nilimuwekea kidole kwenye mudomo wangu, naye alingoja. Wa motari, wenye kubeba watu kwa moto zao, zile pikipiki, ndio peke yao hawakungoja. Siku moja mumoja alipiga honi nyuma ya mugongo wa Muzee, uzi ukaruka ukaenda hadi ukingo wa ubao. Muzee hakugeuka hata kichwa. Alisema tu, akiangalia ule ubao:

"Weye wa honi. Siku mama yako atakufa, uniletee musalaba wake niuandike. Na mimi nitapiga honi."

Yule motari alizima moto yake, akashuka, akaomba pole kwa mikono miwili.

Watu wananijua kwa kukumbuka majina. Nilisoma hadi mwaka wa pili wa shule ya primere, nikaishia hapo, kwa hiyo vitu vya watu sikuviandika, niliviweka kwa kichwa. Naweza kukuambia wote waliouza kwenye mustari wetu, nani aliolewa na nani, nani amelala karibu na nani kule juu makaburini. Basi mutashangaa kwamba jina la Muzee silisemi. Alinikataza mwenyewe. Wapaka vibao wengi wanaweka jina lao chini kwa pembe, pamoja na namba ya simu. Yeye hapana. Nilipomuuliza alisema: "Mutu akisoma saloni, asome saloni. Asinisome miye." Halafu akaninyooshea burashi: "Na weye Mama Neema, mwenye kubeba majina ya watu wote, la kwangu uliache chini." Nikakubali. Nimekubali hadi leo.

Mama Neema ndiye mimi. Neema alikuwa mutoto wangu wa kwanza. Alikuwa anaenda miaka makumi mawili, homa ikamushika siku tatu, siku ya nne hakuamka. Watu wa kartie hawakuacha kuniita kwa jina lake, na mimi sikutaka waache. Musalaba wake aliuandika Muzee. Ndiyo sababu siwezi kumusema yeye bila kurudi pale, hata nikijaribu kuanzia mbali.

Acha nianzie mbali.

Zile herufi alizipata kwa karatasi moja. Ilikuwa ukurasa wa gazeti la wanawake, la mbali, ukurasa wa kutangaza marashi. Aliiweka ndani ya plastiki na alikuwa anaitoa kama mutu anayetoa kitambulisho. Juu ya ile karatasi kulikuwa na maneno machache tu, kwa hiyo herufi nyingi hazikuwepo. Zile zilizokosekana alizitengeneza mwenyewe, kwa kuangalia dada zao. K haikuwepo. Alikaa na K siku nyingi. Alinunua makala kwangu, si ya kupika, ya kuchorea tu, akachora K kwa ukuta wa nyumba, kwa mawe, kwa ndoo yangu. Mukono mwembamba unaopanda, muguu munene unaoshuka. Ilipokubali, alikuja kuniita nikiwa na muteja kwenye mizani:

"Mama Neema, kuja uone. Hii K haitoki Ulaya. Ni ya Katoyi."

Nilimuuliza kwa nini hapa ni pa kunenepa na hapa ni pa kukonda, nani alipanga. Aliniuliza kama nimekwisha kuona wamama wanaotoka Masisi na viazi mugongoni. Nikasema mimi mwenyewe nilikuwa mumoja wao, miaka na miaka. "Basi unajua," akasema. "Mukono ukishuka uko na muzigo, unalemea. Ukipanda, muzigo umetuliwa. Herufi nayo ni hivyo hivyo." Tangu siku ile, hata mimi ambaye kusoma kwangu ni kwa shida, niliweza kusimama mbele ya kibao na kusema kama mukono ulikosea.

Na viatu. Kila herufi alimalizia chini na juu kwa kamustari kembamba kalikokatwa sawasawa. Alikuwa anaviita viatu. "Haiwezi kutoka nyumbani miguu wazi," alisema. Yeye mwenyewe alivaa sandale zilizokatika, amefunga kwa waya.

Lakini si kila mutu alipata herufi zile. Watu walikasirika sana kwa jambo hilo. Papa Muhindo alifungua duka la nyama, akaja na ubao mukubwa, mweupe, akataka zile za saloni ya Mama Sifa, zile za nguzo na nyuzi. Muzee akakataa.

"Nyama haivai kanzu ya ndoa."

"Muzee, miye niko naleta kazi, weye uko naleta mafumbo?"

"Mutu wa nyama yuko mbioni, Papa Muhindo. Anapita na moto, anatafuta wapi. Muandikie nene, nyekundu, bila viatu, aione tangu kule kwa kona. Hizi zangu ni za mutu amesimama."

"Nani amesimama Goma hii?"

Muzee akahesabu kwa vidole. Bibi arusi amesimama, kwa hiyo kadi za ndoa. Mwanamuke anayengoja nywele zikauke, kwa hiyo saloni. Mutu mbele ya mulango wa daktari, na fundi wa suti, na ubao wa kanisa, kwa sababu watu wa kanisa hawana haraka ya kuingia. Halafu akanitazama, akasema kwa sauti ndogo: "Na marehemu."

Papa Muhindo alichukua zile nene, nyekundu, na zilikuwa nzuri, na alipata watu. Hakumushukuru hata siku moja. Walisalimiana kwa kidevu tu.

Alikuwa mugumu hivyo. Lakini nilimuona pia akinyenyekea, na sijui kama watu wengine walimuona. Vijana walifungua nyumba ya ordinatere, kompyuta, karibu na barabara, wanachapa maneno juu ya bashi, ile plastiki ya matangazo. Asubuhi wanapokea, saa sita bashi inaning'inia. Wapaka rangi wote waliwatukana. Muzee alivaa koti akaenda kuona. Akakuta zile herufi zake ziko mule ndani, zote, hakuna iliyokosekana. Aliomba wamuchapie tangu A hadi Z kwa karatasi. Alirudi nayo amenyoosha mikono kama mutu anayebeba mayai.

"Mama Neema! Angalia K! Ni ile ile! Mukono huu, muguu huu! Walipita kwangu wakaiba!"

Alicheka hadi akakaa chini. Halafu nikaona macho yake yanashuka kwenye karatasi, yanasimama mahali, na kicheko kinaisha. Aliingia ndani na mustari wa kupimia. Siku mbili hakufungua vizuri. Siku ya tatu alitoka na kopo la rangi, akaanza kwa Mama Sifa. Mama Sifa alikuwa na mutu chini ya kofia ya kukaushia nywele, akamukuta Muzee amepanda juu ya kiti chake, anafuta kibao chake kizuri ambacho hakijakwisha hata mwaka.

"Muzee! Nani alikuita?"

"S yako ni mbaya."

"S yangu ni mbaya? Uliiandika weye!"

"Ndiyo maana nimekuja."

Ile mashine ilikuwa na S nzuri kuliko yake. Tumbo lake lilinenepa katikati tu, polepole, na yeye miaka yote alikuwa ananenepesha mapema. Alizunguka kartie nzima akirekebisha kila S aliyowahi kuandika, kwa rangi yake, bila kuombwa, na watu wengine walimufukuza. Ndiyo Muzee huyo. Wa Papa Muhindo na wa S ni mutu mumoja.

Sasa nafika kule nilikokuwa nakwepa.

Makaburi yetu yako juu, upande wa barabara ya Kibati, kwenye mawe meusi. Kuchimba pale ni kazi ya chuma na nyundo. Musalaba hauchimbiwi, unasimamishwa kwa kupangiwa mawe. Watu wetu wengi hawana uwezo wa simenti na marumaru, wanaweka ubao, wanaupaka nyeupe, wanaandika kwa nyeusi. Na nafasi ni ndogo. Kila mutu anajua namna inavyokwenda kule: musalaba ukiwa unasomeka, pale pana mutu. Ukiwa hausomeki, wachimbaji wanangoja kidogo, wanauliza uliza, hakuna anayejibu, na siku moja familia nyingine inakuja na jeneza na inapewa pale. Si ubaya wa wachimbaji. Wafu wengi, mawe magumu.

Na mvua ya huku si maji peke yake. Inashuka na moshi wa mulima wetu wa volkano ndani, inauma mabati, inauma rangi. Nguzo zilivumilia. Nyuzi zilikuwa za kwanza kwenda.

Mwaka wa kwanza baada ya Neema, nilipanda siku ya kuombea marehemu na maua yangu, nikafika, nikasimama. Jina halikuwepo. Kulikuwa na vijiti. Kimoja kimeinama, viwili vimesimama, kimoja kimeinama, kimoja kimesimama, kimoja kimeinama. Ndivyo NEEMA ilivyobaki, mifupa mitupu. Nilishuka kwa miguu hadi Katoyi, sikupanda moto, nilitaka hasira isipoe.

"Muzee, uliniandikia nini?"

"Mutoto wako."

"Nenda umuone basi. Amebaki vijiti."

Alikwenda siku ile ile, na kopo lake. Nilikaa juu ya jiwe nikamuangalia anarudisha nyuzi moja moja, anashika pumzi, anaachia. Neema akarudi. Nikalia. Halafu nikamuambia aziongeze.

"Niongeze nini?"

"Hizo nyuzi. Zifanye hata kama kidole cha mutoto."

"Kidole cha mutoto! Halafu N itakuwa nini? Mulango wa zizi la mbuzi."

"Iwe zizi. Isomeke."

"Mama Neema." Alikuwa anapangusa burashi kwa kitambaa, hakuniangalia. "Sabuni wanaiandika nene. Bia wanaiandika nene. Wataka mutoto wako afanane na bia?"

Nilimuita kiburi. Nilimuita mutu asiyezaa, na alikuwa na binti, Solange, nilimujua vizuri. Mwaka uliofuata, kabla ya siku ya marehemu, alikuja mwenyewe kwenye makala yangu, kopo mukononi, koti mwilini: "Twende." Na mwaka uliofuata. Tukawa hivyo. Kila mwaka mvua inafuta, kila mwaka anarudisha, kila mwaka mimi nagomba na yeye anakataa, na watu wa makaburini walituzoea, wakawa wanatusogelea kusikiliza. Kambale, muchimbaji wa pale, mutu muzima mwenye mabega kama mulango, alikuwa anasema: "Bibi na bwana wamefika." Nilimutupia jiwe siku moja kwa neno hilo.

Si mutoto wangu tu aliyekuwa anapotea. Mwaka mumoja tulikuta vilio vimegeuka kuwa vita. Watu wa marehemu Papa Bahati walikuwa wameshuka toka Masisi, wamesafisha kaburi, wameweka maua, wamepiga magoti, wamelia vizuri. Wakati ule ule wakafika watoto wa Mama Rehema wakawakuta juu ya mama yao. Misalaba miwili imekaa jirani, imeandikwa na mukono mumoja, nyuzi zimekwenda, vijiti kwa vijiti. Kila mutu anavuta musalaba wake. Kambale aliniita kwa mukono: "Mama Neema, weye unajua, sema!" Nilisema. Nilikuwepo Mama Rehema alipozikwa, mawe yake yalipangwa kuanzia upande wa mulima kwa sababu upande mwingine Papa Bahati alikuwa amekwisha lala. Watu wa Bahati waliinuka, wakachukua maua yao, wakahamia hatua mbili, wakaanza kulia upya. Walikuwa wamechoka, kilio cha pili hakikutoka vizuri.

Muzee alisimama pembeni na kopo lake. Alikuwa na haya, niliiona shingoni. Nikafikiri, leo atakubali. Tukashuka. Karibu na Katoyi akasimama, akasema: "Kosa ni la rangi." Juma lile alipotea. Alikuwa amekwenda hadi Vitshumbi, njia yote ile, kwa wavuvi, kutafuta rangi wanayopaka mitumbwi yao, ile inayokaa ndani ya maji. Alirudi na makopo mawili na harufu ya samaki. Aliandika tena Bahati, akaandika tena Rehema, akaandika tena Neema. Umbo hakulibadilisha hata unywele mumoja. Rangi ya Vitshumbi ilikaa mvua mbili zaidi kuliko ile nyingine, halafu ikaenda nayo. Alinuna kama mutu aliyesalitiwa na ndugu.

Halafu vita vikafika karibu, barabara ya Kibati ikafungwa. Mwaka ukapita hatukupanda. Wa pili ukapita. Watu walikuwa wanazikwa mahali pengine, popote palipowezekana. Kartie ikamwagika. Mama Sifa alivuka mupaka na kofia zake za kukaushia. Mulango wa Muzee nikaukuta na kufuli, na jirani hata mumoja hakujua alikwenda wapi. Mimi nilikaa na makala yangu kwa sababu watu hata wakikimbia wanapika.

Barabara ilipofunguka nilipanda siku ya kwanza. Njia nzima nilikuwa nasema jina la Neema mudomoni, kama mutu anayebeba maji kwa mikono. Kambale alikuwa bado yuko. Alinikumbatia, tukauliziana nani amebaki. Halafu akanipeleka, ingawa njia naijua gizani.

Vijiti sita. Na viwili vyenyewe vilikuwa vimeanza kupasuka.

"Mama Neema," akasema, "nimepalinda hapa. Mara mbili wamepaomba, nimesema pana mwenyewe. Lakini siko peke yangu kazini. Wale wapya hawamujui. Wanaangalia ubao tu. Andikisha mutoto wako. Andikisha mbio."

Ningeweza kwenda kwa vijana wa ordinatere. Nilifika hadi mulangoni kwao. Kijana akaniuliza, "Mama, tuandike jina gani?" na nilishindwa kulitoa. Niligeuka, nikaanza kutafuta Solange, binti ya Muzee. Nikiuliza jina hili, linanipa jina lile. Nilimupata upande wa pili wa muji, anauza nguo, akanipeleka nyuma ya nyumba.

Muzee alikuwa amekaa kwenye jua, koti lake limefungwa hadi shingo. Macho yake yalikuwa meupe kama maji ya muchele. Nilisogea karibu.

"Harufu ya makala," akasema. "Mama Neema. Umekuja kugomba, na mwaka haujafika."

"Nimekuja kukuchukua."

Solange alinitazama, akatikisa kichwa, polepole, nisiseme. Lakini Muzee alikuwa amekwisha inuka na anatafuta kopo lake kwa miguu, anapapasa chini.

Tulikodi motari wawili. Kule juu nilimushika mukono juu ya mawe, anahesabu hatua, anauliza, "Bahati yuko kushoto? Rehema?" Namuambia yuko. Yuko. Tulipofika, alipiga magoti mbele ya Neema akaweka vidole juu ya ubao. Rangi ya miaka yote ilikuwa imejaa tabaka juu ya tabaka pale penye nguzo, imeinuka kama makovu. Alizisoma zote kwa kidole. Akatabasamu. "Nguzo ziko. Nipe burashi kubwa." Nguzo alizipaka vizuri. Vidole vya kushoto vinatangulia, vinaonyesha njia, burashi inafuata. Nilifikiri, Mungu amesikia.

Halafu akaomba ile burashi ndogo. Akavuta hewa.

Uzi hauna kovu. Ulikuwa umefutika kila mwaka, haukuacha kitu cha kushika. Na mukono usioona lazima ulemee ubao ujue uko wapi, na akilemea, burashi inafunguka. Uzi wa kwanza wa N ulitoka munene kama kidole. Si cha mutoto. Cha mwanaume. Wa pili vile vile, na unatetemeka. E ya kwanza ilipata mikono mitatu minene kama nguzo yake. Hakukuwa na nguzo tena wala uzi, vyote sawa. Ndicho kitu nilichoomba miaka yote ile. Niliona mutoto wangu anageuka kuwa zizi la mbuzi, na inasomeka, inasomeka kutoka mbali, hakuna atakayemufukua, na nilitaka kumushika Muzee mukono nimuambie aache, aturudishie vijiti.

Hatua zikaja nyuma yetu. Kambale. Alikuwa ameona kutoka barabarani, anakuja anacheka kwa furaha, "Mama Neema! Sasa ndiyo! Sasa hata..."

"Muzee!" Nililipuka kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Nyembamba tena? Tena? Nimekuleta kwa moto, nimekupandisha mawe yote haya, unaniandikia unywele? Mvua moja tu na imekwenda! Weye ni mutu gani asiyesikia?"

Kambale alisimama. Akanitazama usoni, machozi yanashuka mimi sina hata mukono wa kupangusa. Akatazama ubao. Akavua kofia.

"Ni kweli, Papa," akasema polepole. "Ni nyembamba sana hizi."

Muzee aliachia ile pumzi. Uso wake ulifunguka wote.

"Gombeni," akasema. "Gombeni nyote wawili. Nionyesheni M iko wapi."

Nilichukua kidole chake nikakiweka kwenye M. Akamaliza M, akamaliza A, akaivalisha viatu, vinene kama matofali. Alipangusa burashi kwa kitambaa kama zamani, huku amenigeuzia mugongo. Wakati wa kushuka alinishika bega, akasema: "Mvua ikizifuta, utume mutu kwa Solange. Nitakuwa tayari."

Nikasema nitatuma.

Mvua ya kwanza baada ya siku ile ilinyesha kwa nguvu. Nilipanda ilipokatika. Jina lilikuwa zima. Ikaja nyingine, na nyingine, nikapanda tena, hakikutoka hata kisigino cha herufi. Kambale aliniambia wageni wanalisoma wakipita, wanasema, huyu Neema ana watu.

Muzee alikufa kabla ya siku ya marehemu. Nilienda kwenye kilio, nikakaa chini na wamama wengine. Solange alikuja akakaa karibu yangu, akaegemeza kichwa. Aliniambia kwamba kila mvua ilipokatika, baba yake alikuwa anavaa lile koti, analifunga hadi shingo, anakwenda kukaa kwenye mulango na kopo mapajani. Anauliza kama kuna mutu ametoka kwa Mama Neema. Solange anamuambia hapana, Papa, bado. Naye anasema, ngoja, labda kule juu mvua haijakatika.